Uzi na Sindano: maswali yenu kuhusu kamkoba ka sufu

Toleo lililopita tuliweka kale kamkoba kadogo ka sufu, kanafumwa kwa sindano mbili kakiwa kakubwa na kalegevu kama hakana mwenyewe, halafu kanalowekwa maji moto na kusuguliwa na sabuni mpaka kanasinyaa na kuwa felti, yaani kitambaa kizito ambacho huoni tena kitanzi hata kimoja. Jamani maswali! Wengine mmetuma hadi picha. Nimechagua yale yanayojirudia, na ambaye hajaona lake asome ya mwenzake, mengi ni ndugu wa baba mmoja.

Dada wa Uzi, mimi niko Njombe, baridi ya huku unaijua. Nimefuma kamkoba vizuri kabisa, uzi nilinunua dukani mjini, mabonge matatu ya pinki, nikamwagia maji ya moto nikasugua mpaka mikono ikaota malengelenge, kamkoba kako vilevile! Tena naona kamelegea zaidi. Tatizo nini? – Mama Mapacha, Njombe

Pole mwaya, mikono itapona. Kusugua umesugua sawa, shida ni uzi. Yale mabonge ya rangi kali yanayoning'inia kwenye maduka ya vifungo na zipu karibu yote ni akriliki, na akriliki ni plastiki, inatokana na mafuta ya petroli, unywele wake hauna kitu cha kushikana na mwenzake. Hata uichemshe kutwa nzima haitakuwa felti, itanyong'onyea tu kama ulivyoona.

Sufu ya kondoo ni habari nyingine. Kila unywele wake umefunikwa magamba madogo madogo ambayo kwa macho huyaoni, na yote yameelekea upande mmoja, toka kwenye ngozi kwenda kwenye ncha. Ukiipa joto, maji na sabuni, magamba yanajiinua kidogo, na ukianza kusugua nyuzi zinatambaa kuelekea upande ule mmoja unaoruhusiwa, kurudi nyuma haziwezi maana magamba yanakwama. Basi zinazidi kuingiana na kubanana, ndivyo dredi zinavyojifunga kichwani. Na kama dredi, ukishafunga umefunga, hakuna kufumua.

Sasa kabla hujafuma chochote pima uzi wako. Kata kipande kama kidole, kishike kwa kibano juu ya sinki au sufuria ya bati (siyo beseni la plastiki tafadhali) ukiwashe kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inawaka kwa uvivu na ukiutoa moto inazima yenyewe, majivu yake ukiyaminya yanasagika. Akriliki inawaka kwa fujo, inayeyuka, inadondoka, na ikipoa inaacha kidonge kigumu cheusi. Kama nyumbani hawataki moshi, weka kipande kwenye kikombe chenye Jik ukiache mpaka jioni: sufu inayeyuka ikaisha, akriliki inabaki imekaa tu. Fungua dirisha, na hiyo Jik usiichanganye na siki hata kidogo, inatoa gesi ya sumu. Nasema hivyo sababu siki tutaitumia huko mbele.

Ila kuna mtego mmoja ambao vipimo vyote viwili haviuoni. Ipo sufu halisi kabisa ambayo kiwandani wameitia dawa, kawaida kwa klorini kisha wakaipaka utando mwembamba wa plastiki, ili sweta iweze kufuliwa kwenye mashine bila kurudi. Kwenye lebo utaona neno "superwash". Inanuka nywele, inayeyuka kwenye Jik, na bado haitakuwa felti. Kwa hiyo kipimo cha mwisho na cha kweli ni kufuma kikaratasi, yaani kipande kidogo cha majaribio, cha sentimita 20 kwa 20 na kukisugua chote, kama yanavyoeleza majibu yanayofuata. Wengi mnakiruka hiki halafu mnaniandikia.

Na kabla hujaniuliza: hapana, usimnyoe kondoo wa jirani. Kondoo wetu wengi, yule mwekundu wa Kimasai na yule wa Kisomali mwenye kichwa cheusi, wana nywele, sufu ya kusokota hawana. Sufu ya maana hapa Afrika Mashariki iko nyanda za juu za Kenya ambako wanafuga merino na corriedale, na pale Nanyuki kuna akina mama wanaoisokota kwa mikono na kuipaka rangi. Ukipata mtu anayepita huko mtume.

Sasa aunty, nataka hesabu kamili. Vitanzi vingapi, sindano namba ngapi, uzi kiasi gani. Hizi story za "fuma kubwa" hazinisaidii. – Msomaji, Limuru

Haya mwanangu, nakupa, ila hesabu yangu ni ya mkono wangu na uzi wangu, wewe utairekebisha na kikaratasi chako.

Chukua sufu nene ya kawaida, ile ambayo gramu 100 zina kama mita 200 hivi. Uzi wa aina hiyo ungekuwa wa sweta ungetumia sindano ya milimita 4.5 au 5, sisi tunatumia 6.5. Kama unazo zile sindano za zamani za bibi zenye namba za Kiingereza, tafuta namba 3, na kumbuka zile zinakwenda kinyume, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Kufuma lazima kulegee mpaka uone mwanga katikati ya vitanzi, maana nyuzi zinahitaji nafasi ya kutembea. Wanaokaza mkono ndo wanaopata felti yenye makunyanzi.

Kwa sindano hiyo mimi napata vitanzi 14 na mistari 19 kwenye sentimita 10. Anzisha vitanzi 42, hapo upana ni sentimita 30. Fuma mistari sita ya pleni tupu (kile kitanzi cha kawaida, mbele na nyuma) ili mdomo usijikunje, kisha endelea pleni mbele na pali (pleni iliyogeuzwa) nyuma, ukifika mstari wa 102 rudi kwenye pleni tupu mistari sita ya mwisho, funga vitanzi ukiwa umelegeza. Una kitambaa kirefu cha kama sentimita 57. Kikunje katikati, shona pembeni mbili kwa uzi uleule, uwe wa sufu, siyo wa cherehani, maana uzi wa cherehani hausinyai na pembeni patajikunja. Kikitoka kwenye maji utapata mkoba wa kama sentimita 22 kwa 18, wa kutosha simu, pochi, funguo na kale kadaftari kako.

Umeona upana umepungua robo lakini urefu umepungua zaidi ya theluthi? Hivyo ndivyo ilivyo, kufuma kwa sindano mbili husinyaa zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, kwa hiyo mkoba wako kabla ya maji utaonekana karibu mraba, mkubwa wa ajabu, na watu watakucheka, wewe endelea.

Kikaratasi cha kupimia: vitanzi 28, mistari 38, kipime kwa rula kabla na baada, ugawanye. Kama 20 imekuwa 15 kwa upana na 13 kwa urefu, hesabu zako zinafanana na zangu. Kama imekuwa 18 na 17, ama hujasugua vya kutosha ama huo uzi ni mvivu. Sufu nyeupe iliyopaushwa ina kawaida hiyo ya uvivu, na wakati mwingine rangi mbili za kampuni moja hazisinyai sawa, kwa hiyo ukitaka mistari ya rangi pima kila rangi.

Mkanda: vitanzi vitano kwenye sindano yenye ncha mbili, fuma mstari, usigeuze, sukuma vitanzi upande wa pili wa sindano, vuta uzi kwa nyuma na ufume tena. Unatoka mrija kama kamba. Ukitaka mkanda wa sentimita 90 fuma 120. Gramu 100 zinatosha yote, na kikaratasi.

Habari dada. Mashine ya kufulia sina na sina mpango wa kuwa nayo. Beseni langu linatosha? – Mwalimu, Iringa

Linatosha, tena mimi napenda beseni kuliko mashine kwa sababu unaona kinachotokea. Mashine ni kama unamwachia mtu mwingine kazi, unafungua mlango unakuta mkoba wa mwanasesere.

Chemsha maji, changanya nusu kwa nusu na ya baridi. Hapo unapata kama nyuzi 55 au 60, ni ya moto kwa mkono mtupu, vaa glavu za jikoni. Sabuni tumia ya mche, ikwangue kwa kisu iyeyuke, uwe na maji ya utelezi lakini siyo povu kama la gari, povu jingi linatenganisha nyuzi na hazisuguani. Sabuni ya unga iache, nyingine zina vimeng'enya vya kula madoa ya mayai na damu, sasa sufu nayo ni protini kama hayo madoa.

Ndani ya mkoba weka kipande cha nailoni kigumu, mfuko wa sukari ulioukata unafaa, ili pande mbili zisishikane. Hili usilisahau maana zikishikana ndani huwezi kuzibandua bila mkasi. Loweka dakika kumi. Kisha anza taratibu, unakanda kama nguo ya mtoto mchanga, dakika kumi za mwanzo hakuna kinachotokea na hapa wengi mnakata tamaa. Kwanza kanakuwa kakubwa zaidi! Kanalegea, kananing'inia, kanatia huruma. Endelea. Halafu ghafla utasikia mkononi, kitambaa kinaanza kushika, kinakuwa na unene, vitanzi vinaanza kufifia kama maandishi yaliyomwagikiwa chai. Hapo ndo unaongeza nguvu, sugua kwenye ubao wa kufulia au kwenye mkeka mgumu.

Na sasa siri ambayo mashine haina: kakunje na mkeka kama chapati kwenye fimbo ya mwiko uviringishe mbele na nyuma. Felti inasinyaa kufuata upande unaoviringisha. Mkoba ukiwa mpana mno, viringisha kwa upana, ukiwa mrefu mno geuza uviringishe kwa urefu. Kila dakika tano fungua, upime kwa rula, geuza, vuta pembe zinyooke. Maji yakipoa badilisha. Ukiona vitanzi havionekani na ukibonyeza kwa kidole kitambaa hakipitishi, umefika, acha, maana haijui kuacha yenyewe.

Suuza kwa maji baridi mpaka sabuni iishe, maji ya mwisho tia kijiko cha siki kuondoa ukali wa sabuni. Usikamue kwa kusokota. Kaviringishe kwenye taulo, panda juu ukanyage. Kakiwa bado kabichi ndo unakapa umbo, tafuta boksi la viatu vya mtoto au vitabu vilivyofungwa nailoni vyenye ukubwa unaoutaka, kavishe, nyoosha mdomo, weka kivulini penye upepo. Siku moja Dodoma, siku tatu kwenu Iringa mwezi wa saba.

Mimi niko Leicester, mashine ninayo ya mlango wa mbele lakini ikishaanza mlango haufunguki. Nitajuaje kamefika? – Msomaji, Uingereza

Hutajua, ndo shida yenyewe. Chagua programu fupi kuliko zote ya nyuzi 40, tia mkoba ndani ya foronya yenye zipu maana manyoya yanayotoka yanaziba chujio la mashine, ongeza jinzi mbili kuukuu za kugongana nao, taulo usiweke linaacha vumbi lake kwenye felti. Ikiisha toa, pima, rudisha kama bado. Mizunguko miwili mifupi ni salama kuliko mmoja mrefu. Ile hatua ya kukamua kwa kasi ifute kama mashine inaruhusu, inaweka mkunjo usiotoka. Wewe una bahati ya kupata sufu kirahisi huko, ukija likizo tubebee.

Dada, sufu ya mabonge sijaipata, lakini Memorial hapa Moshi masweta ya mitumba yamejaa. Naweza kutengeneza mkoba kwa sweta kuukuu? – Binti wa Kibosho

Unaweza, na kwa mtu wa kwetu hii ndo njia ya bei nafuu kuliko zote, sijui kwanini watu hawaichangamkii. Sweta moja kubwa la mzungu linatoa mkoba na vipochi viwili.

Angalia lebo ya shingoni au ubavuni. Mitumba inatoka pande zote, kwa hiyo jifunze majina: ya Uingereza na Marekani imeandikwa wool au lambswool, ya Ufaransa laine, ya Ujerumani Wolle, ya Italia na Hispania lana. Unataka asilimia 100, ikiwa na nailoni kidogo ya 10 au 20 bado inaweza kukubali, ikishuka chini ya 80 iache. Ukiona kile kichoro cha beseni lenye mkono ndani, au beseni lililopigwa msalaba, furahi, maana wanakuonya litasinyaa na wewe ndo unachotaka! Likiruhusiwa mashine kwa nyuzi 40, lina ile dawa. Lebo imekatwa? Chomoa uzi mmoja pindoni, kiberiti.

Tena wakati mwingine utakuta sweta ambalo mwenyewe wa kwanza alilitia mashine kwa bahati mbaya likawa dogo na gumu, muuzaji anakuuzia bei ya kutupa kwa sababu halimwingii mtu. Hilo ni felti tayari, wewe unakata tu. Felti nzuri ukiikata haichanui, haihitaji hata kupindwa. Ila lisuuze kwa maji moto hata kama limeshakuwa gumu, usalama wa mitumba unaujua.

Nimesugua kupita kiasi, kamekuwa kadogo hata simu haiingii. Kanaweza kurudi? – Nimechoka, Nakuru

Hakarudi. Kakiwa kamelowa unaweza kukavuta ukapata sentimita moja, mbili, ukabana kwa pini mpaka kakauke, zaidi ya hapo unajisumbua. Weka kifungo kawe ka sarafu na funguo, au kata utengeneze vya kuwekea vikombe. Maisha yanaendelea, fuma kengine.

Bi fundi, wajua huku kwetu Mombasa joto na unyevu. Nna hamu na hicho kimkoba lakini naambiwa sufu yaliwa na nondo na yaota ukungu. Kweli au maneno ya watu? – Msomaji wa Kisauni

Kweli, bi mkubwa. Anayekula si nondo mwenyewe mwenye mbawa, ni kiwavi wake, na anapenda sufu chafu iliyofichwa gizani, yenye jasho na mafuta ya mkono. Mkoba unaobebwa kila siku haumpati. Kabla ya kuuweka usafishe, ukauke kabisa, uutie kwenye mfuko uliofungwa vizuri bila hewa kupita. Ukishaona vitundu, weka mfuko huo kwenye friza wiki mbili, mayai na viwavi vyote vinakufa, halafu upigie brashi. Karafuu zinanukia vizuri lakini kazi ya kuua usizitegemee. Ukungu unakuja ukiufungia kabatini ukiwa na unyevu, basi mara moja moja utoe ubarizi.

Lakini nikwambie ukweli wa moyoni, kwa sokoni na kwa ufukweni kikapu cha ukindu hakina mpinzani, kinapitisha hewa, mchanga unakung'uta, samaki akivuja unaosha. Hiki cha sufu kiwe cha jioni, harusini, na cha kutembelea wajukuu Nairobi.

Bitana nitie ama nisitie? – Msomaji, Mbeya

Tia, hasa kama utaweka funguo. Kitenge chepesi au khanga, ukate BAADA ya mkoba kukauka, siyo kabla, maana kipimo cha kweli unakipata mwisho. Shona kwa mkono, mishono mifupi, isitokeze nje. Kabla ya bitana ndo unaweka kifungo cha sumaku, na nyuma yake ukiweke kipande cha felti au ngozi, la sivyo kitachomoka siku ya tatu.

Nataka kuanza kuuza. Wateja wananiambia Kariakoo mkoba mzuri unapata kwa elfu kumi. Nifanyeje? – Mwanachuo, Dar

Hao siyo wateja wako, waache waende Kariakoo na waende salama. Huwezi kushindana na kiwanda kwa bei na usijaribu. Chukua daftari, andika sufu, bitana, kifungo, sabuni, mkaa au gesi ya kuchemshia maji, nauli, halafu andika masaa yako yote, ya kufuma, kusugua na kushona, uyape bei ambayo ungekubali kulipwa ukimfanyia mtu mwingine kazi. Ile jumla ndo sakafu, chini yake hushuki hata kwa shangazi. Faida inakaa juu yake.

Peleka kule watu wanakoangalia kwa mikono: maonyesho ya kazi za mikono, maduka ya zawadi, wageni wa Arusha na Zanzibar, na kina dada wa ofisini ambao kiyoyozi kinawafanya wavae koti Dar. Weka pembeni vikaratasi viwili vya kupimia, kimoja kabla ya maji na kimoja baada, mtu akishika vyote viwili anaelewa bei bila wewe kujieleza. Na usichukue oda ya mikoba 20 inayofanana, kwa mkono haifanani, mwambie mteja mapema kwamba kila mmoja utapishana na mwenzake sentimita moja au mbili, na malipo ya nusu yatangulie kabla hujanunua uzi.